Msamiati wa Kiingereza upangwe kwa ukoo wa maneno, si kwa herufi ya kwanza peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie safu ya msamiati wa Kiingereza, ile inayowapa wasomaji maneno kumi au kumi na tano yanayoanza na herufi moja, kila neno na maana yake. Safu hiyo ina faida kubwa na ninaiombea maisha marefu. Ninacholalamikia ni mpangilio. Msomaji anayepewa “knife”, “kettle”, “kind” na “kangaroo” kwa sababu tu yote yana K mwanzoni anabebeshwa kisu, birika, wema na kangaruu kwa mkupuo mmoja, na hakuna kamba inayovifunga pamoja. Kesho yake vitatu vimekwisha kudondoka njiani.

Herufi zinazofanana katika maneno mawili huwa hapo kwa sababu moja kati ya mbili: ama maneno hayo ni ndugu na herufi hizo ndiyo sura ya ukoo, ama yamekutana barabarani tu. Katika Kiswahili tunalijua hilo bila kufundishwa. Soma, somo, msomaji, masomo, somesha: anayesikia s-o-m anajua yuko nyumba moja. Kata, katiba na katuni nazo zina k-a-t, lakini hakuna anayehangaika kutafuta undugu wake. Kiingereza kinakwenda vivyo hivyo, ila tahajia yake ya kale imeuficha undugu, na kazi ya safu kama yako ingekuwa kuufichua.

Tuchukue “two”. W yake haitamkwi, na mwanafunzi huambiwa aikariri hivyo hivyo. Iweke basi kando ya “twelve”, kumi na mbili, “twenty”, ishirini, “twice”, mara mbili, “twin”, pacha, na “between”, baina ya viwili. Herufi TW ndizo zinazobeba uwili, na kwa ndugu wote hao W inasikika waziwazi. “Twine”, kamba ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, imo humo humo. Mwanafunzi aliyeliona kundi hili hawezi tena kuandika “tow” wala “too” akikusudia mbili. Kwa “one” ni hivyo pia: “once” ni mara moja, “only” ni pekee, na “alone” ni “all” na “one” zilizoshikana, mmoja mtupu.

Hii ndiyo njia bora ninayoijua ya kushughulikia herufi bubu: mtafute ndugu ambaye kwake herufi hiyo inazungumza. G ya “sign” imenyamaza, lakini katika “signal” na “signature” inasikika. N ya “column” huamka katika “columnist”, ya “autumn” huamka katika “autumnal”, ya “condemn” katika “condemnation”. B ya “bomb” iko hai katika “bombard”, na C ya “muscle” katika “muscular”. Kwa jozi hizi mtu hahitaji kukariri. Akitilia shaka neno fupi, alitamke lile refu.

Kundi tajiri kuliko yote, na ambalo sijaona likipewa haki yake, ni la maneno madogo ya kuonyesha na kuuliza. Kiswahili huonyesha kilicho karibu kwa H: huyu, hiki, hapa, huku, humo. Kiingereza huonyesha kwa TH: “this”, “that”, “these”, “those”, “there”, “then”, “thus”. Huuliza kwa WH. Ukibadilisha mwanzo wa neno, swali linageuka jibu: “what” na “that”, “when” na “then”, “where” na “there”. Kwa mahali pa karibu kabisa hubaki H peke yake, kama kwetu: “here”, hapa. Mfumo huu unakwenda hadi kwenye maneno ya maandishi ya zamani. Kutoka hapa, kutoka pale, kutoka wapi ni “hence”, “thence”, “whence”. Kuja huku, kwenda kule, kwenda wapi ni “hither”, “thither”, “whither”. Maneno tisa kwa mistari mitatu, na anayezijua H, TH na WH za mwanzo anaweza kuyajenga yote mwenyewe. “How” ni wa ukoo huo pia, ila W yake ilipotea zamani. Waandishi wa Kiingereza cha kale waliandika HW, si WH, na wapo wanaozungumza Kiingereza hadi leo ambao hutanguliza pumzi ya H wanapotamka “what”.

Faida yake katika uandishi ni ya papo hapo. Kosa la kuchanganya “there” na “their” linasumbua hata waliomaliza vyuo. Dawa ni kuona kwamba maneno matatu ya mahali, “here”, “there” na “where”, yote yana h-e-r-e ndani yake. “Their” haina, kwa hiyo si mahali. Ni -ao, kama katika kitabu chao. Na “hear”, kusikia, ina “ear”, sikio, tumboni mwake. Undugu wa “hear” na “ear” ni wa macho, wa asili haujathibitishwa, lakini kama kumbukumbu unafanya kazi na hauna madhara.

Sasa KN. Safu ya K ingeweza kuachana na kangaruu ikakaa na kundi hili peke yake: “knee” goti, “kneel” kupiga magoti, “knuckle” kifundo cha kidole, “knot” fundo, “knit” kufuma, “knead” kukanda unga, “knob” kitasa cha mviringo, “knock” kubisha, “knife” kisu, “know” kujua. Matamshi yote huanza na N. K hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Waingereza wa kale waliitamka, na ilinyamaza vinywani mwao katika karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, wakati tahajia ilikuwa imekwisha kuganda katika vitabu. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu, bado wanaitamka K katika Knie, goti, na Knoten, fundo. Tazama pia jinsi mengi ya maneno hayo yanavyohusu kitu kilichovimba au kufungamana: goti, kifundo, fundo, kitasa. “Knit” na “knot” ni ndugu kabisa, kwa sababu kufuma ni kupiga mafundo. “Know” hayumo katika maana hiyo, na mwandishi wa safu aseme hivyo badala ya kumlazimisha.

WR inavutia zaidi. “Wring” ni kukamua nguo kwa kuisokota, “wrench” ni kunyonga kwa nguvu, “writhe” ni kujinyonganyonga kwa maumivu, “wreath” ni shada lililosukwa kwa mduara, “wrist” ni kiungo cha mkono kinachogeuka, “wrestle” ni kupigana mieleka, “wrinkle” ni kunyanzi, “wry” ni -liopinda. Wote wanapinda. Ndipo tunapomwelewa “wrong”: maana yake ya awali ni kilichopinda, kisichonyooka, na sisi nasi husema mtu mwongofu amenyooka. Anayepinga kundi hili atataja “write”. Ana haki. “Write” asili yake ni kukwaruza au kuchonga alama, wala haina kusokota ndani yake.

GH inawatisha wengi bila sababu kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa sisi tunaandika GH katika ghali na KH katika kheri, na tunajua kwamba koo linaweza kutoa sauti. GH ya “night”, “light”, “eight” na “daughter” iliwahi kuwa sauti ya kooni iliyokaribiana na KH. Kijerumani kimeihifadhi: Nacht, Licht, acht, Tochter. Katika Kiingereza sauti hiyo ilikufa, na ilipokufa iliacha mambo mawili. Katika maneno mengi ilipotea kabisa, na katika machache iligeuka F: “laugh”, “cough”, “rough”, “tough”, “enough”.

Hapa nina onyo. Orodha ya maneno yenye OUGH ikichapwa kwa mpangilio wa herufi tu inamwumiza anayeanza. Atakuta “though” inasomwa dhou, “through” thruu, “tough” taf, “cough” kof, “bough” bau, “thorough” thara, na atafunga gazeti. Igawe kwa sauti. Siku ya kwanza “rough” kwaruzi, “tough” gumu, “enough” ya kutosha. Zote huishia na af. Siku ya pili “though” ingawa, “although” ijapokuwa, “dough” unga uliokandwa. Siku ya tatu “bough” tawi kubwa na “plough” jembe la kukokotwa. “Through”, kupitia, abaki peke yake, kwa sababu hana mwenzake wa kawaida. Kisha weka kundi la OUGHT, ambalo karibu lote ni vitenzi vya wakati uliopita: “bought” alinunua, “brought” alileta, “thought” alifikiri, “fought” alipigana, “sought” alitafuta. Kosa linalojirudia ni kubadilishana “bought” na “brought”. R inaamua: “bring” ina R, kwa hiyo “brought” inayo, “buy” haina, kwa hiyo “bought” haina. “Taught” na “caught” hutumia AU, na ni vyema vichapwe pembeni siku hiyo hiyo ili msomaji asizizoee kwa O.

Si kila herufi bubu iliwahi kutamkwa. Nyingine zilipachikwa na wasomi waliotaka Kiingereza kifanane na Kilatini. “Debt”, deni, ilitoka Kifaransa bila B. Wakaipachika kwa kukumbuka debitum. “Doubt”, shaka, ilipewa B ya dubitare, na “receipt”, stakabadhi, ilipewa P kwa njia hiyo hiyo. “Island” ni kali zaidi, kwa sababu S yake ni kosa tupu. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, halikuwa na S, ila watu walilidhania kuwa la ukoo wa “isle”, ambalo ndilo lenye asili ya Kilatini, insula. “Delight”, furaha, ilivikwa GH kwa kufananishwa na “light” ingawa haihusiani na nuru. B ya “thumb”, kidole gumba, na ya “limb”, kiungo cha mwili, nazo ziliongezwa baadaye, wakati ile ya “lamb”, mwanakondoo, na “climb”, kupanda, ni ya tangu mwanzo. Ninayataja haya kwa sababu mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba kila herufi bubu ni kaburi la sauti ya kale anawaambia nusu ya ukweli.

Kwa CH, swali la kwanza liwe: neno limetoka wapi? Maneno ya Kiingereza chenyewe husomwa ch kama yetu: “child”, “chin”. Yaliyotoka Kigiriki husomwa k: “school”, “stomach”, “chorus”, “chemistry”, “echo”. Yaliyoingia baadaye kutoka Kifaransa husomwa sh: “machine”, “chef”, “brochure”, “parachute”. Dalili za Kigiriki huja kwa makundi, kwa hiyo ukiona PH, RH, PS, au Y katikati ya konsonanti, tegemea CH iwe k. “Psychology” ina dalili mbili na haikosei. “Ache”, maumivu, ni mwizi katika kundi hili: husomwa eik na hufanana na Kigiriki, lakini ni ya Kiingereza cha kale. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliihusisha na neno la Kigiriki, na tahajia hiyo ikashika.

Nije kwenye herufi maradufu, ambako makosa ya tahajia huzaliwa kwa wingi. Mswahili ana ufunguo mkononi. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya na nyumba mpya, kwa sababu hapo N imegusana na B au P ikageuka M. Kiambishi cha kukanusha IN- cha Kiingereza hufanya hivyo hivyo: “incorrect”, lakini “impossible” na “imbalance”. Kikikutana na L, M au R huiga kabisa, na hapo ndipo herufi mbili zinapotokea: “illegal”, “immortal”, “irregular”. Ukiondoa kiambishi, neno lazima libaki zima, legal, mortal, regular. Kanuni hiyo ya kuhesabu vipande inamaliza ubishi mwingi. “Misspell” ni mis na spell, S mbili. “Dissatisfied” ni dis na satisfied, S mbili. “Disappoint” ni dis na appoint, S moja na P mbili. “Unnecessary” ni un na necessary, N mbili. “Accommodate” inaogopwa bure: AD- imeyeyuka mbele ya C ikaacha CC, COM- imekutana na M ikaacha MM. Anayeandika C moja au M moja ameng'oa kipande cha neno.

Tahadhari na IN-: si kila mara inakanusha. “Inflammable” ni kinachoshika moto upesi, sawasawa na “flammable”, kwa kuwa IN- hapa inatokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Anayeisoma kama isiyowaka anaweza kuunguza nyumba, na ndiyo maana kwenye vyombo vya mafuta siku hizi hupendekezwa “flammable”. “Invaluable” si kisicho na thamani. Ni chenye thamani isiyopimika. “Infamous” si asiyejulikana. Anajulikana kwa ubaya.

Mizizi ya Kilatini inafahamika zaidi, kwa hiyo nitaipitia haraka. SPECT ni kutazama: “inspect” kukagua, “spectator” mtazamaji, “suspect” kushuku, yaani kumtazama mtu kwa chini chini. RUPT ni kuvunja: “interrupt” kukatiza, “erupt” kulipuka, “bankrupt” aliyefilisika. DICT ni kusema: “predict” kutabiri, “contradict” kupinga kwa maneno, “dictionary” kamusi. PORT ni kubeba: “import”, “export”, “portable”, lakini “port” ya bandari ilitoka neno jingine la Kilatini, na haifai kuwekwa humo. Linalosahauliwa ni kundi la sauti siid mwishoni. Maneno matatu tu huandikwa CEED: “exceed”, “proceed”, “succeed”. Moja tu huandikwa SEDE: “supersede”, kuchukua nafasi ya kingine, kwa sababu asili yake ni kukaa. Yaliyobaki ni CEDE: “precede”, “recede”, “concede”, “intercede”. Mtego wa mwisho: “proceed” ina E mbili, “procedure” inapoteza moja.

Kuna makundi ambayo undugu wake ni wa hisia zaidi kuliko asili. GL huvuta mwanga: “gleam”, “glow”, “glitter”, “glint”, “glimmer”, “glisten”. SN huvuta pua: “sniff” kunusa, “snore” kukoroma, “snort” kupumua kwa kishindo, “snout” pua ya mnyama. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliyapa makundi ya aina hii jina la kitaalamu mwaka 1930. Yanavuta hata wageni: “sneeze”, kupiga chafya, katika Kiingereza cha kale lilianza na FN, kisha likahamia kwa wenye pua. “Glad”, mwenye furaha, liliwahi kumaanisha kinachong'aa. Yatumiwe kusaidia kumbukumbu, lakini yasigeuzwe sheria, maana “glove” ni glavu na “snow” ni theluji.

Na yapo yaliyokutana barabarani tu. Kitendawili cha maneno matatu yanayoishia na GRY kinawapotezea watu saa nyingi. Yanayotumika ni mawili, “angry” na “hungry”, na GRY si kiambishi. Ni “anger” na “hunger” zilizoongezwa Y zikapoteza E. La tatu la kawaida halipo. Kadhalika “listen” na “silent” zina herufi zilezile sita. Inapendeza katika mafumbo, lakini haimfundishi mtu maana ya lolote.

Ninachopendekeza, Mhariri, ni hiki. Kila toleo lichague kundi moja la herufi mbili hadi nne, na maneno sita hadi manane, yasizidi. Juu iandikwe maana inayoyaunganisha, kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi matano. Kila neno lipate matamshi kwa herufi za Kiswahili, maana moja ya msingi, na sentensi moja fupi. Maana tatu nne zilizorundikwa humfanya msomaji achague isiyofaa. Chini kabisa litajwe neno moja lenye herufi hizo lakini lisilo la ukoo, kwa jina la mgeni. Huyo mgeni ni muhimu, kwa kuwa bila yeye msomaji ataanza kubahatisha undugu kila mahali. Kabla ya kuchapa, kila neno lithibitishwe katika kamusi inayoeleza asili ya maneno, kwa sababu kufanana kwa macho si ushahidi. Baada ya matoleo manne, kundi la kwanza lirudishwe bila maana zake, msomaji ajaze mwenyewe.

Toleo la kwanza linaweza kuwa TW: “two”, “twice”, “twin”, “twelve”, “twenty”, “between”, na mgeni awe “tweezers”, kibanio chenye ncha mbili, ambacho kila mtu atadhani ni ndugu, kumbe jina lake lilitoka Kifaransa, kwenye neno la kasha la vifaa vidogo.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza na msomaji wa gazeti lako